Kibwengo wa Hodi ya Tatu

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, moto si wa mtu mmoja. Nawe uliyezoea kuchekacheka hapo nyuma, leo huna la kucheka.

Hapo zamani za kale, babu wa babu zenu hawajazaliwa, palikuwa na msichana akiitwa Kazija. Aliishi na mama yake, Bi Mize, na mdogo wake Faki, mtoto wa kunyonya, kando ya bonde la mpunga. Kwenye matete ya bonde hilo walikaa vibwengo, viumbe wafupi ambao nyayo zao zinatazama nyuma. Vibwengo huiba watoto, lakini hawaingii ndani mpaka wakaribishwe.

Siku moja Bi Mize akasema, "Mwanangu, naenda kupalilia. Mtu akipiga hodi, chungulia miguu yake kwanza."

"Haya, mama."

Adhuhuri Kazija alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi, Faki kalala mkekani. Mara akasikia, "Hodi!"

Akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Akaona bibi kizee mfupi, kanga imemfunika mpaka chini, miguu haionekani. Kazija akanyamaza.

"Hodi wenyewe! Jua linanichoma."

Kazija akanyamaza, roho inamuuma.

"Hodi! Hii ya tatu, mjukuu wangu. Nisipoitikiwa naondoka."

Na kwao ndivyo ilivyokuwa: hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni hurudi alikotoka, aibu ikabaki kwa wenye nyumba. Kazija akamwona bibi kizee anageuka, anajikongoja. Akaona haya. Watu watasema Bi Mize hakumfunza mwanawe adabu.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba."

Kanga ikapanda kidogo pale kizingitini, na nyayo zikaonekana. Zilitazama nyuma.

Kibwengo akaenda moja kwa moja hadi mkekani.

"Chukua nazi," Kazija akasema.

"Sitaki."

"Chukua mchele, wote."

"Sitaki."

"Basi nichukue mimi."

"Wewe umenikaribisha," kibwengo akasema kwa upole. "Sisi hatumgusi mwenyeji wetu."

Akambeba Faki, akaondoka. Kazija akamkimbilia mpaka kwenye matete, akaita, akaita, akaita, hata sauti ikamkauka. Hakujibiwa.

Bi Mize aliporudi akauliza, "Mdogo wako yuko wapi?"

"Alikuwa bibi kizee, mama. Alisimama juani. Nikamkaribisha."

Bi Mize akainua mkono ampige, kisha mkono ukashuka. Akaketi sakafuni, akamvuta Kazija kifuani.

"Hata mimi ningemkaribisha," akasema. "Mimi ndiye niliyekufunza."

Wakalia wote wawili. Jioni ukafika wakati wa Faki kunyonya. Maziwa yakamtoka Bi Mize yenyewe, yakalowesha kanga, Kazija akawa anayafuta, nayo yanazidi kutoka.

Hadithi yangu imekomea hapo. Zaidi ya hapo, wanangu, roho yangu haiwezi.