Hita Iliyopita Mlango wa Gaudensia

Hapo zamani. Zamani yangu mimi iliisha Jumapili moja ya Julai, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kengele ya kanisa ikiwa bado inalia. Yote yaliyokuwa kabla ya saa hiyo nayaita zamani, ingawa ni mwaka jana tu. Nisikilizeni polepole, wanajumuiya, maana na mimi siwezi kusema haraka.

Palikuwa na mama mmoja hapa Njombe, Skolastika, mke wangu. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Gaudensia, aliyeolewa Iringa. Gaudensia alikuwa na tovuti. Mimi elimu yangu ni darasa la saba na ukatekista, kwa hiyo nitaieleza kama alivyonieleza mwenyewe.

Aliandika humo habari za vitu vya nyumbani kwa watu wa mikoa ya baridi: mablanketi, mabirika, hita. Hakusifia kitu ambacho hajakaa nacho msimu mzima. Chini ya maneno yake aliweka mahali pa kubonyeza, "Nunua hapa." Ukibonyeza unafika dukani, na ukinunua, duka linampa Gaudensia fungu lake kwa kukuleta.

Lakini hakuweka anwani ya duka yenyewe. Alitengeneza anwani yake fupi. Ukibonyeza unapita kwanza kwake, kufumba na kufumbua, kisha unasukumwa dukani. Yeye aliiita mlango.

"Baba," aliniambia, "maduka yanahama kila siku. Nikiandika anwani ya duka kwenye kila ukurasa, likihama nitazunguka kurasa zote nikirekebisha. Hivi nageuza mlango mmoja tu, kurasa zote zinafuata."

"Na msomaji atajuaje kwamba umeugeuza?"

Akacheka. "Hajui, baba. Ndio uzuri wake."

Msimu mmoja Gaudensia alilala na hita ya gesi, nyekundu, yenye mtungi mdogo. Akaandika: "Hita hii inajizima yenyewe hewa ya chumbani ikichafuka. Nimelala nayo mimi, na mume wangu, na sasa nipo hai nawaandikia." Ndivyo alivyoandika, kwa utani. Na lilikuwa neno la kweli.

Kisha Gaudensia akajifungua. Kazi ya tovuti akamwachia Egno, kijana waliyesoma naye. Akampa na funguo za milango yote.

Huku kwetu baridi ikaingia. Skolastika alikuwa ameacha kulala na jiko la mkaa ndani, maana padre alitangaza kanisani jinsi linavyoua. Akataka hita. Akampigia mtoto simu, nami nimekaa pembeni nasikia.

"Mama, hita zimejaa hapo mjini. Nenda kachukue moja kwa mkono wako."

"Za hapa mjini zitakupa wewe nini?"

"Mama! Kwani umeanza kunionea huruma?"

"Nilikubeba mgongoni miaka miwili, na ulivyokuwa mnene. Leo nishindwe kukubeba kwa kidole kimoja? Niambie nabonyeza wapi."

Akasoma maneno ya mwanawe, akayasoma kwa sauti, akanisomea na mimi. Akabonyeza. Akapita mlango wa mwanawe. Akaona hita nyekundu yenye mtungi mdogo. Akainunua. Jioni yake Gaudensia aliona kwenye simu kwamba mtu mmoja wa Njombe amenunua, akapiga: "Nimekuona, mama! Nimekuona ukipita!" Wakacheka hao wawili, na mimi nikacheka.

Hita ikaja kwa basi. Mimi nikasafiri kwenda semina ya makatekista. Niliporudi asubuhi ile ya Jumapili, mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikauvunja, nikakuta hita bado inawaka. Skolastika alikuwa amejifunika vizuri, na rozari mkononi. Daktari alisema ni hewa chafu. Hita haikujizima. Haikuwa na kitu cha kuizima.

Haikuwa ile ya Gaudensia. Duka la kwanza lilikuwa limefunga, na Egno aliugeuza mlango kuelekea duka jingine. Neno lilibaki palepale, mlango ukageuka.

Mwaka ulipotimia tukakusanyika kuweka msalaba wa saruji kaburini. Wakaja wote watatu: Gaudensia na mtoto mgongoni, Egno, na Batista, mwenye duka lile la pili, aliyetoka Makambako kwa hiari yake. Mwenyekiti wa jumuiya yetu akasema: "Kabla ya msalaba kusimama, aliyemkosea marehemu apige magoti amwombe radhi. Asiyemkosea asimame, tumwombee."

Gaudensia akasema: "Nilichoandika kilikuwa kweli. Nililala na kitu kile. Mlango niliutengeneza mimi, lakini siku ulipogeuzwa nilikuwa nanyonyesha, sikuushika. Ila ni neno langu alilolisoma. Asingeliamini la mtu mwingine."

Egno akasema: "Baba, na ninyi nyote, mnisikilize. Duka lilikufa. Watu walikuwa wakibonyeza wanafika patupu, wananitukana. Nikatafuta hita inayofanana. Nikamwandikia Gaudensia, 'Nimegeuza mlango wa hita, pita uangalie.' Akanijibu kwa alama ya kidole gumba, kwamba sawa. Muulizeni."

"Nilikujibu mtoto akiwa ananilia begani," Gaudensia akasema. "Ulisema duka limebadilika. Hukusema hita imebadilika."

"Ningejuaje? Mimi silali na hita. Wewe ndiye unayelala nazo."

"Na duka la pili linatoa fungu kubwa kuliko la kwanza. Hilo nalo hukulijua?"

Egno akatazama chini. "Hilo nililijua," akasema. "Lakini fungu lenyewe lilikuja kwako pia, ukalipokea, ukampigia mama ukacheka."

Mama mmoja nyuma akaguna. Mtoto akaanza kulia, Gaudensia akamtikisa mgongoni bila kugeuka.

Batista akavua kofia. "Mimi sikumjua marehemu. Dukani kwangu nimeandika wazi kwamba hita hii haijizimi, usilale nayo. Nimeandika chini, baada ya bei, lakini nimeandika. Wanaokuja wenyewe husoma, huuliza, wengine huniacha. Hawa waliotoka kwa Gaudensia hawaulizi kitu. Wanafika kwangu wameshaamini. Mimi nawapa tu mkononi."

"Na uliwaona hawaulizi," nikamwambia. Ndilo neno la kwanza nililosema pale.

"Niliwaona, mzee."

"Ukanyamaza."

"Nikauza, mzee. Mimi ni mfanyabiashara."

Hapo shemeji mmoja akanong'ona, nami nikamsikia, kwamba marehemu naye alikuwa anajua kusoma, angeshuka chini kidogo akayaona maneno ya Batista. Nilimtazama mpaka akaondoka. Mke wangu alikwisha kusoma. Alimsoma mtoto wake. Nani humsoma mtoto wake kisha akashuka chini kutafuta maandishi ya mtu mwingine?

Tukangoja. Aliyekosea apige magoti. Upepo ulikuwa mkali, baridi ileile ya Julai.

Ndipo Gaudensia akaanza kukunja magoti, na mtoto mgongoni. Nami sikumtazama yeye, niliwatazama wale wawili. Nikamwona Egno anashusha pumzi. Nikamwona Batista anavaa kofia yake. Mzigo ulikuwa unatua, na haukuwa unatua kwao.

Nikamshika mwanangu mkono kabla goti halijagusa udongo. Nikamsimamisha. Nikawaambia watu warudi nyumbani, msalaba hausimami leo.

Mpaka sasa msalaba ule umeegemea ukuta wa jiko langu. Kuku wanalala chini yake. Gaudensia hupiga simu kila Jumapili: "Baba, niache niombe radhi, ni mama yangu." Egno ameugeuza tena mlango kuelekea hita nyingine nzuri, na watu wanaendelea kupita. Batista alituma salamu kwamba maandishi ya chini ameyapandisha juu. Kila mmoja amefanya lake. Kaburi halina msalaba.

Sasa nawauliza ninyi mlioketi, maana mimi nimeshindwa. Aliyesema kweli kisha akaacha kulilinda neno lake. Aliyeligeuza bila kuligusa. Aliyeona watu wameaminishwa, akapokea. Goti la kwanza kwenye udongo wa Skolastika lilikuwa la nani? Na mimi, nilistahili kumwinua yule aliyekuwa tayari?

Mkiwa bado mnafikiri, inameni vichwa. Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Skolastika astarehe kwa amani. Amina.