Sultani Aliyeharakisha Matanga

Alikuwapo sultani, jina lake Kamarudini, aliyeutawala mji wa Kausari, mji wa majumba ya ghorofa na visima vitamu, naye alijaaliwa wana wawili, mkubwa Badiri na mdogo Shihabu. Badiri akasafiri baharini kwenda kumtafutia mdogo wake hariri za harusi, na tufani ikakipiga chombo chake, na habari ikafika mjini kwamba hakupona mtu. Mji ukalia, na mikeka ikatandikwa kasrini, na wanawake wakalala chini pamoja na mama yake, Bibi Zumradi, kama ilivyo ada ya matanga.

Lakini harusi ya Shihabu ilikwisha kutangazwa, na wafalme wa mbali walikuwa njiani, na ngoma hailii penye msiba. Basi sultani, mtu ambaye kungoja kulimshinda tangu utotoni, akaamuru matanga yaanuliwe, mikeka ikunjwe, kila mtu aende kwake.

Bibi Zumradi akamwangukia miguuni. "Bwana wangu, hata maiti ya mwanangu sijaiona. Niache nilie."

"Lia, lakini kimya kimya," akamjibu. "Wageni wamefika."

Harusi ikafanyika, watu wakala wakasaza.

Wageni walipoondoka, ndege shakwe akatua dirishani pa sultani, akanena kwa ulimi fasaha, "Ewe mtukufu, Badiri yuko katika pwani ya Ghubari." Sultani akapagawa kwa furaha, akatandika farasi mwenyewe, akaondoka bila ya kumuaga mtu.

Pwani ile haikaliwi na binadamu, na majira yale kusi lilikuwa limechafuka. Mawimbi yalipanda magenge na kurudi na mawe, na mvua ilikuja ubavuni, na mchanga ukamchapa uso hata farasi akagoma, na sultani akashuka, akaenda kwa miguu huku akiita, "Badiri! Badiri!" na upepo ukimrudishia sauti kinywani. Mara wimbi likamzoa kutoka jabalini, akajua amekwisha. Pale pale mkono ukamshika kanzu ukamvuta nchi kavu, na mwenye mkono ni Badiri, mwenye afya, ila baridi kama jiwe la kisimani.

Sultani akamkumbatia, akalia. "Twende nyumbani, mwanangu."

"Hawezi," ikasema sauti nyuma yao, na alikuwa jini wa pwani ile, mrefu, mwenye ndevu za mwani. "Maulana, kila anayetupwa hapa na bahari ni mgeni wangu muda wote anaoliliwa kwao, na mkewe au mamaye akija, humrudishia. Matanga yakianuliwa, najua wenyewe wameniachia, naye huwa mtumishi wangu, na kazi yake ni kuopoa wanaozama. Wa kwako nilidhani watu wake ni wachache, kwa jinsi kilio kilivyokuwa kifupi."

"Nichukue mimi badala yake!"

"Wewe umekuja kwa miguu yako, wala hakuna matanga yako yaliyoanuliwa. Wewe ni mgeni, na mgeni huenda zake." Akamjazia mfuko lulu, kwa kuwa majini nao wana adabu zao, na sultani akazimwaga mchangani.

Badiri alikuwa ameinama. "Baba, harusi ya mdogo wangu ilifana?"

"Ilifana."

"Alhamdulillahi. Basi nenda, Baba, na Mama usimwambie kwamba nilikuwa nikimngoja. Mwambie umeliona kaburi langu." Akageuka akaingia katika povu, maana palikuwa na mtu mwingine anapiga kelele huko mbele.

Sultani akarudi Kausari, nguo zimemkaukia chumvi mwilini. Bibi Zumradi, aliyekwisha kuambiwa na wajakazi maneno ya yule ndege, akamlaki mlangoni, akauliza, "Umemwona?"

"Nimeliona kaburi lake."

"Limeelekea kibla?"

"Limeelekea kibla."

Bibi akauchukua mkono wa mumewe, akaubusu, akamshukuru sana kwa kwenda mbali namna ile, katika hali ya hewa mbaya namna ile, kwa ajili yake.

Enyi mlionisikiliza, aliyefiwa mwacheni alie mpaka aache mwenyewe. Hadithi yangu imefika pwani. Aliye na la kuongeza, Mungu ampe pumzi.