Ubeti wa Mama Kadzo

Mwenye jina ana kina.

Jana mlimsikia mwalimu wenu akiyasema maneno hayo uwanjani, alipokataa yule mtoto mgeni aachwe nje ya timu. Leo mmenijia na swali: methali hii imetoka wapi? Kaeni. Haikutoka mbali. Ilizaliwa Mambrui, katika ua wa nyumba ya baba yangu, siku moja kabla ya harusi yangu. Niliisikia ikizaliwa nikiwa nimekaa dirishani na hina mbichi mikononi na miguuni, siwezi hata kujifukuzia nzi.

Ilianza na uteo wa mchele.

Mji wetu ulikuwa na mshairi mmoja, mwanamke, jina lake Bi Tima. Msidhani mshairi ni mtu wa kukaa kitako akitazama mawingu. Bi Tima alikuwa na nyumba, mume mwenye kikohozi, na kuku wasiosikia. Alitunga akifanya kazi. Asubuhi alikaa mlangoni na uteo mapajani, akichambua mchele, na mdomo wake ukivuma kama nyuki. Kila silabi iliyomridhisha aliisogezea punje moja pembeni. Zikifika punje nane, mshororo umetimia. Zikiwa saba au tisa, alizirudisha zote na kuanza upya. Chuya, zile punje ambazo bado zina maganda, aliwarushia kuku. Jirani akipita na kusalimu, alijibiwa kwa kidole kilichoinuliwa: ngoja kwanza, niko kwenye ya sita.

Hivyo ndivyo alivyowatungia watu wa mji ule mashairi ya harusi, ya kuwaaga mahujaji, hata barua ya mzazi aliyeomba mwanawe asifukuzwe shule. Mtoto alirudishwa. Mwalimu mkuu alisema hakuweza kuikataa barua inayoimbika.

Basi siku zile bibi harusi alipotolewa nje, palisomwa shairi la majina. Kila mwanamke aliyemlea alipewa ubeti wake, na ubeti uliishia kwa jina lake. Jina ndilo lililotoa kina. Mwenye kutajwa alisimama, akanyunyiziwa marashi, akaja kuketi mkeka wa mbele karibu na bibi harusi. Asiyetajwa alibaki pale pale alipokuwa, jikoni au mlangoni.

Mimi nililelewa na Mama Kadzo. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka mitatu. Mama Kadzo alikuwa Mgiriama aliyetuletea mnavu na kisamvu kila Jumatatu. Jumatatu ile alikuta nyumba imejaa kilio na mimi nimesahauliwa chini ya kitanda. Alitua kapu lake, akanibeba, na hakuondoka tena; mboga zake aliziuzia pale pale mlangoni petu. Miaka ishirini aliniogesha, akanisuka, akanichapa nilipostahili. Lakini kwa watu wa mji alikuwa "yule wa jikoni."

Nilipomwendea Bi Tima nilimwambia wazi: "Shangazi zangu uwataje upendavyo. Ila Mama Kadzo asiposimama, mimi sitoki ndani."

"Ondoa shaka, mwanangu," akasema.

Kumbe alikuwa amejitia mtegoni. Wiki nzima alisogeza punje na kuzirudisha. Shangazi Mwanaharusi alipata kina, halati Zuhura, dada wa marehemu mama, alipata, hata Bi Mkubwa Ngwachani alipata. Lakini dzo ya Kadzo! Alipekua Kiswahili chote alichokijua, cha Lamu na cha Mvita, hakupata neno moja linaloishia hivyo. Kwa miaka thelathini hakuwahi kusoma ubeti unaochechemea, na hakutaka kuanzia kwenye harusi yangu. Mwishowe alisema peke yake, "Jina hili ni chuya," akalitupa. Akaweka jingine, akijiambia kwamba limekaribiana nalo.

Siku ya kutiwa hina, wanawake walijaa uani wakichambua mchele wa harusi. Mama Kadzo alikuwa katikati yao. Bi Tima naye alikuja na uteo wake, na shangazi wakamshika: tuonjeshe shairi, tuonjeshe kidogo tu! Akasoma. Vigelegele kila ubeti. Alipofika mwisho akashusha sauti:

*Kwa subira alingoja,*
*Mama mpole Khadija.*

Wakapiga vigelegele tena. Mama Kadzo naye alipiga, kisha akauliza kwa upole:

"Bi Tima, shairi limenoga. Ila huyu Khadija ni nani? Nimekaa nyumba hii miaka ishirini, sijamwona."

Shangazi Mwanaharusi akacheka.

"Si wewe huyo, Kadzo! Umepewa jina la heshima."

"La heshima? Kwani langu lilikuwa la matusi?"

Mimi dirishani nilitaka kutoka, lakini nyayo zangu zilikuwa na hina, na somo wangu, kungwi aliyenipaka, alikuwa amenishika bega. "Ukikanyaga chini umeharibu," akaninong'oneza. Nikapaza sauti tu: "Bi Tima! Tuliagana nini?"

Bi Tima hakuwa mtu wa kusema uongo. Aliweka daftari chini.

"Nisamehe, dada yangu," akasema. "Nimelitafutia jina lako kina siku saba. Halina."

Mama Kadzo hakukasirika. Alichukua chuya moja kwenye uteo wa Bi Tima kabla haijaenda kwa kuku. Akaimenya kwa kucha, akaiweka kiganjani, nyeupe.

"Chuya nayo ni mchele," akasema. "Imevaa koti tu. Sasa niambie, umelitafutia wapi hilo jina langu?"

"Kwenye Kiswahili chote."

"Haya. Na kwetu ulikwenda? Babangu aliponipa jina hakulitoa hewani. Lina ndugu zake. Mtu mwema sisi twamwita mutu mudzo. Wema wenyewe ni udzo. Mambo yakikaa vizuri, twasema yakaa vidzo. Nami ni kadogo kazuri, Kadzo. Tuko wanne hapo, au sikujua kuhesabu?"

Bi Tima alifunga macho. Nilimwona akisogeza midomo, na kidole chake kikasogeza punje: moja, mbili, tatu... Ikafika nane. Akasogeza nyingine nane. Kisha akapiga kofi pajani hadi mchele ukaruka.

"Ewe Mola! Miaka yote hii nanunua mboga kwako, wala sikukuuliza neno moja!"

"Uliuliza bei," akasema Mama Kadzo, na ua mzima ukaangua kicheko.

Bi Tima alicheka pia, huku akijifuta macho kwa ncha ya leso. Halafu akainama tena juu ya uteo, akasema polepole, kila silabi na punje yake: "Mwe-nye ji-na a-na ki-na." Akazihesabu. "Nane," akasema. "Zimetimia."

Kesho yake nilitolewa nje. Shangazi waliitwa mmoja mmoja, wakasimama, wakanukia marashi. Mama Kadzo alikuwa mlangoni pa jikoni, mikono myeupe kwa tui la nazi. Bi Tima hakufungua daftari. Alimgeukia, akasema, "Mwenye jina ana kina," kisha akaimba:

*Alinilea kwa udzo,*
*Nyumba akaweka vidzo,*
*Hakika ni mutu mudzo,*
*Simama, mamangu Kadzo.*

Vigelegele vilivyopigwa sijavisikia tena mpaka leo. Wanawake wa Kigiriama waliokuja kumsaidia kupika walimiminika kutoka jikoni na miko mikononi. Mama Kadzo alitazama nyuma yake, akauliza kwa sauti, "Khadija naye hakuja?" Watu wakacheka. Lakini alipofika mkeka wa mbele alikuwa halii wala hacheki. Alinishika tu uso kwa mikono yake yenye tui, mbele ya mji mzima, na poda yangu yote ikaharibika. Sikujali hata chembe.

Tangu hapo, mtu wa Mambrui akisema, "Fulani hatumwezi, hatuna pa kumweka," hujibiwa kwa maneno yale nane ya Bi Tima. Samahani, si maneno nane, ni silabi nane; angenisikia angenirudisha mwanzo.

Basi mtoto yule mgeni akikosa nafasi kwenye timu yenu, msiseme hafai. Muulizeni kwao wanachezaje, mjue mlikuwa hamjatafuta wapi. Kwa maana mwenye jina ana kina.