Simu Iliyopigwa Jumatatu

Ndugu zangu, twendeni kwenye nyumba moja yenye mawifi wawili: mmoja binti wa nyumba hiyo, mwingine mke wa kaka yake. Mwaka mmoja wote wawili waliumwa tumbo, na kila mmoja akakutwa na uvimbe wenye majimaji kwenye kongosho. Wa mke ulikuwa kama chungwa. Wa binti, kama zabibu. Daktari akavuta majimaji kwa sindano, akayapima. Majibu yalipotoka, binti akaambiwa atapasuliwa. Mke akaambiwa arudi baada ya mwaka.

Mke akarudi amenuna. "Wangu chungwa, wake zabibu, na bado yeye ndiye wa kwanza," alimwambia mumewe. "Hata hospitali wanajua mtoto wa nyumbani ni nani." Mama mkwe alikuwa akimchemshia bintiye supu, na kila harufu ilipomfikia mke, alifunga mlango wa chumba chake.

Jumatatu hospitali ikapiga simu. Ya binti ilikuwa imeharibika, hivyo kwenye fomu aliandikisha namba ya wifi yake.

"Mwambie nafasi yake ni Ijumaa. Athibitishe Alhamisi kabla ya saa kumi."

"Nitamwambia."

Jumanne akanyamaza. Jumatano akanyamaza. Hakumtukana mtu, hakumpiga mtu. Alinyamaza tu. Je, mtu hukamatwa kwa kunyamaza?

Alhamisi mchana akamfuata daktari mwenyewe.

"Wa kwangu ndio mkubwa. Nipasue mimi."

"Mama, ukubwa haunitishi. Wako una majimaji mepesi, unaweza kuzeeka nao. Ninaoukimbilia ni ule wenye ute mzito, hata uwe kama zabibu. Huo hugeuka saratani, na saratani ya kongosho ikishasambaa, kisu changu hakina kazi tena."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika arobaini. Mke akatoka nje, akapiga simu ya mama mkwe. Akapokea binti, sauti imemkauka.

"Wifi, ni wewe? Daktari kasemaje? Mama kaniletea supu tena, nimemrudishia. Tangu Jumatatu nimefunga kwa ajili yako. Si wako ndio mkubwa?"

Ndugu zangu, binti alithibitisha zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, akapasuliwa Ijumaa. Tumshukuru Mungu kwa dakika hizo. Lakini sisi je? Mwenzetu akiitwa kwanza, tunasema kapendelewa. Hatuulizi anaitiwa nini. Mke huyu alionea wivu kisu. Na aliyemwonea wivu alikuwa na njaa kwa ajili yake.

Basi nawauliza, nami nikiwa miongoni mwenu: ni habari ya nani tuliyoipokea, tukasema "nitamwambia", na mpaka asubuhi hii tumeikalia? Simu tunayo mkononi. Saa kumi bado haijafika.