Kiko cha Umeme cha Machimboni

Hapo zamani, na msinikunjie uso, si zamani ile ya wanyama kusema. Ni zamani ya juzijuzi, simu zimekwisha kuingia mifukoni na umeme unakatika utakavyo. Palikuwa na mji ukiitwa Machimboni. Watu wake walikula kwa mawe. Walipasua chokaa, wakachonga matofali, na vumbi lake likaingia kila mahali: kwenye chai, kwenye nywele za maharusi, hata ndani ya saa za ukutani.

Walikuwa na desturi moja, nanyi ishikeni, tutaihitaji mbele. Jiwe ni la aliyetia alama yake. Hata libebwe na mwingine, ukiona alama ya fulani, jiwe ni la fulani. Kesi imekwisha, nendeni mkale.

Sasa, wapasua mawe wale walikuwa wavutaji. Wengi waliacha sigara za moto wakahamia zile za umeme, zinazochemsha maji yenye ladha na kutoa mvuke. Kule waliziita viko vya umeme. Bwana Harith, mwenye duka kubwa, aliviagiza kutoka nje, vina taa, vina rangi, vina kila urembo. Vumbi la Machimboni likavila. Kimoja wiki tatu, kimya. Kingine wiki mbili, kimya. Na aliyeongoza kwa kuviua alikuwa mpasua mawe mmoja, Shemboza, mtu mwenye mikono mizito kuliko nyundo yake. Shemboza peke yake alikuwa ameua sita.

"Viko vyangu havina ubaya," alisema Bwana Harith barazani kwake, watu wamejaa. "Ubaya ni Shemboza. Hakuna fundi awezaye kutengeneza kiko kitakachomaliza siku saba katika mfuko wa Shemboza."

Watu wakacheka. Shemboza mwenyewe akacheka. Wawili hawakucheka.

Wa kwanza alikuwa Mzee Nandonde, Mmakonde, mchonga mpingo. Wa pili alikuwa Hidaya, fundi simu. Vibanda vyao vilipakana kando ya barabara, na kila kibanda kilikuwa kimepigwa X nyekundu. Barabara inapanuliwa. Miezi mitatu, halafu greda.

"Bwana Harith," akasema Hidaya, "na akitokea huyo fundi?"

"Akitokea, nampa ile fremu yangu ya kona. Bure, maisha yake yote. Mashahidi ndio hawa."

Mmesikia? Fremu ya kona! Sakafu ya zege, mlango wa chuma, bati lisilovuja. Kwa mtu ambaye kibanda chake kina X nyekundu, hiyo si zawadi. Hiyo ni roho yake anarudishiwa mkononi.

Basi wakakaa chini, Nandonde na Hidaya. Nandonde achonge umbo, Hidaya atie umeme. Wakatengeneza kiko cha kwanza, wakampa Shemboza. Siku ya pili Shemboza huyo.

"Kiko kimekufa."

"Kimekufaje?"

"Nilikiweka juani, juu ya jiwe, wakati wa chai. Nikasikia ka! Kimepasuka kuanzia hapa hadi hapa."

Nandonde akainamisha kichwa. Alikuwa amechonga mpingo mbichi, uliokatwa wiki ileile. Kosa hilo mchongaji halifanyi hata akilewa, na yeye kalifanya akiwa na akili zake, kwa ajili ya haraka tu. Babu yake angemchapa.

Wakatengeneza cha pili, cha bati. Shemboza huyo.

"Kiko kimekufa."

"Kimekufaje?"

"Vumbi limeingia kwenye kitufe, kikakwama. Kikachemka chenyewe. Mfukoni."

Akapandisha bukta. Pajani palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja. Hidaya akalia, na alikuwa analia kweli, kwa sababu betri ile aliichomeka yeye bila kuweka kitu cha kuikata ikipata moto.

"Kaka, nisamehe. Tuache. Basi."

"Dada," akasema Shemboza, "paja limekwisha kuungua. Mkiacha leo, limeungua bure."

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Hamtakiwi kuyasahau.

Cha tatu kilikufa kwa maji. Cha nne kilikufa kwa nyundo. Cha tano sitaki kukisema mbele za watu, tuseme alikikalia. Na kila mara Shemboza alikuja mwenyewe, akachechemea na paja lile lililoungua mpaka kwenye benchi la Hidaya, akaeleza: kiliangukia pembe ipi, kilitoa sauti gani, mvuke ulikata lini. Hakuficha, hakuongeza chumvi. Wangapi kati yenu huvunja kitu cha mtu na kurudi kueleza? Wewe unayetazama pembeni, nimekuona.

Miezi miwili ikapita. Nandonde akarudi nyumbani, akaingia jikoni, akauchukua mchi wa marehemu mama yake. Ulikuwa mchi wa mpingo, uliotwanga mahindi na kisamvu miaka thelathini, umekauka mpaka ukawa kama chuma. Mkewe akamshika mkono.

"Baba, huo ni mchi wa mama."

"Najua ni wa nani."

Akautia msumeno. Mkewe akatoka nje, hakutaka kusikia. Nandonde akachonga kiko cha sita, pembe zake zimeviringishwa, kuta zake nene, mdomo wake wa pembe ya ng'ombe. Chini yake akachora alama yake, kimjusi kidogo.

Hidaya alikuwa amekusanya betri kumi na sita kutoka kompyuta zilizokufa. Akazijaza umeme zote, akazipanga juu ya rafu, akaziacha wiki mbili bila kuzigusa. Alipozipima, kumi na tano zilikuwa zimepungua. Moja tu ilikuwa imeshikilia. Akaichukua hiyo, akaiandikia H kwa rangi ya kucha. Akaweka kikata-umeme, ili kiko kikipata moto kijizime. Kitufe akakizamisha ndani, juu yake akabandika mpira wa tyubu ya baiskeli, vumbi lisipenye. Kazi hiyo ilimla macho.

Kisha wakakipeleka barazani. Bwana Harith akakitazama, akakipima kwa mkono, akakitia mwenyewe katika mfuko wa Shemboza. "Siku saba," akasema. "Kisitolewe kwenye mfuko huu ila kwa kuvutwa. Kikipotea, mmeshindwa. Kikifa, mmeshindwa."

Siku ya kwanza, vumbi. Kiko kizima.

Siku ya pili kilizama kwenye pipa la maji ya chokaa. Kikafutwa kwa kanga. Kizima.

Siku ya tatu na ya nne, jua na nyundo. Kizima, kizima.

Siku ya tano Shemboza alijilaza mchana baada ya ugali, akakilalia, kitufe kikabanwa chini ya nyonga yake saa nzima. Alipoamka akaruka akishika paja. Kiko kilikuwa vuguvugu tu. Kilijizima chenyewe, halafu kikawaka tena kama hakuna lililotokea.

Siku ya sita sasa. Shemboza alikuwa juu, ukingoni mwa machimbo, akainama kufunga kamba, kiko kikateleza mfukoni. Kikaanguka kimo cha nyumba tatu. Kikagonga mwamba, kikaruka, kikagonga tena, kikatumbukia kwenye ufa.

"Kiache!" wenzake wakapiga kelele. "Jabali hilo linamomonyoka!"

Hakuna aliyemtuma. Hakuwa na dau lolote, yeye alikuwa mfuko tu. Shemboza akajifunga kamba, akashuka na mguu wake mbovu, akatia mkono katika ufa, akakitoa. Kupanda kulitaka mikono yote miwili, kwa hiyo akakiuma kwa meno. Akapanda hivyo, kokoto zinamnyeshea kichwani, mpaka juu.

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Watu walipotoka msikitini wakamiminika barazani kwa Bwana Harith, na waliokuwa machimboni wakaja na nyundo zao mkononi. Shemboza akanawa mikono. Akakitoa kiko. Akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Bwana Harith akaanza kutabasamu.

"Puliza kwanza, kaka!" Hidaya akaita. "Puliza vumbi mdomoni mwake!"

Shemboza akapuliza mpaka macho yakamtoka. Akabonyeza, akavuta, akainua uso juu, akaachia.

Ulitoka mvuke! Ulitoka mweupe, mzito, unanukia iliki, ukapanda ukagonga dari la baraza ukasambaa juu ya vichwa vya watu. Vigelegele vikapasuka. Wapasua mawe wakagonga nyundo kwa nyundo. Mke wa Nandonde, yule aliyetoka nje asisikie msumeno, ndiye aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote, machozi yanamtiririka. Hidaya akainuliwa juu juu na wanawake wenzake. Machimboni, mji wa vumbi, mji uliosubiri kila kitu kutoka nje, umetengeneza kitu chake na kimesimama! Hata Bwana Harith alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Nimeshindwa," akasema, "na sijawahi kufurahi kushindwa kama leo. Ufunguo ndio huu. Leteni kiko nione alama, kwa desturi yetu."

Akakigeuza chini. "Kimjusi. Alama ya Nandonde. Mzee, njoo uchukue."

"Kifungue kwanza," akasema Hidaya.

Akakifungua. Herufi H kwa rangi ya kucha.

"Na mdomoni umetazama?" akauliza Shemboza.

Wakatazama. Kwenye ile pembe ya ng'ombe, alama za meno ya Shemboza zimeingia, juu manne, chini matatu, maana moja alikuwa hana.

Watu wakasogea, kila mmoja ajionee.

Nandonde akasema, "Kilianguka kimo cha nyumba tatu hakikupasuka. Ninyi mliona kiko kikianguka, mimi niliona mchi wa mama yangu. Mwenzangu ana betri, kesho atapata nyingine. Mimi mama mwingine nitampata wapi?"

Hidaya akasema, "Shikamoo, Mzee wangu, na sikuvunjii heshima. Lakini bila mimi, hicho ni kipande cha mchi. Hakuna anayevuta mchi. Siku ya tano kingemuunguza mtu mara ya pili, na leo tungekuwa hospitali, si barazani. Nilikosea mara moja, nikahakikisha sikosei tena."

Shemboza akasema, "Mimi si fundi. Lakini nani aliwaambia mti mbichi unapasuka? Nani aliwaambia kitufe kinakwama? Niliwaambia kwa paja langu. Na siku ya sita ningekiacha ufani, mngegombea nini? Nilipopanda ile kamba nilijua mguu huu haupandi tena. Machimbo yamenitoka. Nataka mahali pa kukaa nipike supu ya makongoro, nisiwe mzigo kwa mtu."

Bwana Harith akamtazama huyu, akamtazama yule, akauweka ufunguo juu ya benchi katikati yao, akarudi nyuma hatua tatu.

Na ninyi msiniambie wagawane. Najua mtasema hivyo, mmeshafungua midomo. Fremu ni futi nane kwa kumi. Vumbi la mpingo linaua simu. Mvuke wa supu unaua betri. Hakuna anayekula supu yenye unga wa mpingo. Mlango ni mmoja, ufunguo ni mmoja, na greda linanguruma mwisho wa barabara.

Mmoja alitoa mchi wa mama yake. Mmoja alitia uhai, akaulinda. Mmoja alitoa paja, kisha akashuka ufani bila kutumwa. Alama zote tatu zipo, mmeziona wenyewe.

Haya, mimi nimenyamaza. Je, nani alistahili kuinama na kuuokota ufunguo ule?