Ndago Iliyoita Mama

Sogeeni motoni, ngano imefika. Palikuwa na mjane, Namkunda, aliyebakiwa na tuta moja la viazi vikuu na binti mmoja, Nakijwa. Tuta lilijaa ndago, gugu ambalo ukiliachia kinundu kimoja cha mzizi ardhini, hurudi na ukoo wote.

"Mama, vitoe vinundu vyote ndipo utandaze majani ya migomba," alisema Nakijwa. "Hatuna tuta jingine."

Namkunda akachimba. Kinundu cha kwanza kikalia, "Mimi mgeni, nihurumie!" Akakitupa motoni. Cha pili kikalia, "Mimi jirani yako!"

"Jirani gani hula bila kubisha hodi?" Akakitupa.

Cha tatu kikalia kwa sauti ya Mbonea, mwanawe aliyezikwa masika: "Mama, nasikia baridi."

Akakirudisha udongoni, akapanda viazi, akalifunika tuta kwa majani kama afunikwavyo mtoto.

Siku ya saba ndago zikatoboa majani, zote zikiita, "Mama!" Hakuthubutu kung'oa hata moja. Viazi vikafa.

Njaa ilipomlaza Nakijwa, aliita kutoka ndani mara tatu, "Mama!"

"Nakuja, Mbonea," akajibu Namkunda, akiwa ameinama tutani, akizitandazia ndago majani mengine.

Nakijwa hakuita mara ya nne. Ngano imekomea hapo, nami siiongezei jani.