Ukuta wa Tatu wa Zipora

Ng'ombe wa Mzee Elkana aliyamaliza mahindi ya Zipora, mjane wa kijiji cha Wayahudi kule mlimani, na Elkana hakumlipa hata gunzi moja. Sikukuu ya Vibanda ilipofika, ambapo kila familia hula siku saba ndani ya kibanda cha matawi, Elkana, tajiri wa kijiji, alipita kukagua vibanda.

"Kuta mbili tu? Sheria inataka tatu. Jua likizama hujausimamisha wa tatu, nitakusema sinagogini."

"Nisaidie basi mbao, mzee."

"Mbao zangu ni za kuuza."

"Sasa nijengee nini?"

"Chochote, mradi kisimame imara."

"Na kikishasimama?"

"Hakiguswi mpaka sikukuu iishe. Hata mimi sina ruhusa."

Jioni Elkana alimtafuta ng'ombe wake kila mahali. Alimkuta kibandani kwa Zipora, kichwa kimefungwa nguzo hii na mkia nguzo ile, anacheua taratibu.

"Zipora, huyo ni ng'ombe wangu."

"Alikuwa, mzee. Kaingia shambani mwenyewe, kama kawaida yake. Sasa ni ukuta, na hauguswi siku saba."

"Na hiyo ndoo chini yake?"

"Ukuta unavuja, mzee. Nimekinga."